Kisiwa si cha matajiri: Twende Mombasa bila mkopo

Leo naomba tuongee ukweli ambao kila Desemba tunauzungukia kama mat ya Umoja inayotafuta njia ya kukwepa msongamano Jogoo Road.

Unajua picha ninayosema. Mtu wa plot yenu amesimama kwenye mchanga mweupe, miwani ya jua usoni, dafu mkononi, bahari ya samawati nyuma yake. Chini ameandika kwamba maisha ni mafupi. Wewe uko kwenye ngazi za ghorofa Huruma unangoja mtungi wa maji, unaitazama hiyo picha mara tatu, halafu unafungua ile programu ya mikopo kwenye simu.

Mimi nilifanya hivyo. Desemba moja mbogi yetu iliamua kwenda kisiwani, na sikuwa na kitu. Nikakopa usiku, pesa zikaingia kabla sijazima taa, na asubuhi nilikuwa safarini. Tulikula raha siku nne. Januari ilipofika, jamaa wa mkopo walianza kunipigia. Niliponyamaza, wakampigia mama yangu akiwa kibandani anauza mboga, wakampigia hata fundi aliyewahi kunitengenezea simu. Mama hakunigombeza. Alinitazama tu, akalipa. Hiyo ndiyo bei halisi ya ile picha yangu, na hakuna aliyeiona mtandaoni.

Sisemi msiende. Hoja yangu ni kinyume kabisa: nendeni, na nendeni wengi. Ila nendeni kwa pesa zenu na mkijua kwamba kisiwa ni chenu tangu zamani. Tumedanganywa mambo mawili. La kwanza, kwamba bahari ni ya watu wa hoteli. La pili, kwamba bila hoteli hiyo hujaenda.

Tuanze na la kwanza.

Neno lenyewe linatutetea

Likizo ileile ya mkopo, tulikuwa tunatembea ufuoni watu watano, viatu mkononi. Tukapita mbele ya hoteli moja kubwa. Askari akatoka mbio.

"Nyinyi ni wageni wa hapa?"

"Hapana, bosi. Tunapita tu."

"Basi rudini mlikotoka. Huku ni kwa wageni."

Tukarudi. Watu wazima watano, wenye vitambulisho, tukageuka kama watoto waliofumaniwa wakiiba maembe. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua sheria.

Sasa ijue wewe. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaorodhesha ardhi ya umma, na ndani ya orodha hiyo imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Yaani ule mchanga ambao bahari huufunika na kuufunua kila siku ni mali ya umma. Hoteli ina haki ya kukuzuia usikatize kwenye bustani yake wala usilale kwenye viti vyake. Haina haki ya kukufukuza kwenye mchanga uliolowa.

Na uzuri ni kwamba lugha yetu ilisema haya kabla ya Katiba. Maji kupwa ni maji kurudi nyuma. Pwani ni mahali yanapopwa. Kila ukitamka neno "Pwani" unataja kipande hichohicho cha ardhi ambacho sheria inasema ni chetu sote.

Shida iliyobaki ni njia. Mchanga ni wa umma, lakini ukizungukwa na kuta za ploti za watu, utaufikiaje? Wakazi wa Mombasa, Kilifi na Kwale wamelalamika miaka mingi kuhusu vichochoro vya kwenda baharini vilivyonyakuliwa. Sisi wa Nairobi tunajua mchezo huo, maana tumeona viwanja vya mpira mtaani vikigeuka maghorofa tukiwa bado tunatafuta mpira uliopotea. Kwa hivyo ukienda kutembea ufuoni kwa utaratibu, bila fujo na bila taka, unastarehe na pia unalinda njia. Njia isiyopitwa huota nyasi, halafu huota ukuta.

Sisi na kisiwa ni ndugu wa reli

Kuna watu mtaani wanaamini Mombasa ni mbali na maisha yao. Hebu kumbuka historia kidogo. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, ikafika hapa kwenye kinamasi mwaka wa 1899, na Nairobi ikazaliwa. Mji huu wote ni mtoto wa reli iliyoanzia kisiwani. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Kama babu yako aliishi huko, huenda alitumia maisha yake kuwapeleka watu wengine baharini.

Hata majina na vyakula vinatufunga. Sisi tuna Majengo, wao wana Majengo. Sisi tuna Kaloleni, wao wana Kaloleni. Sisi tuna Marikiti, wao wana Marikiti. Mahamri na mbaazi unayokula Pumwani asubuhi ilitoka huko. Kwa hivyo ukishuka Mombasa usijione mgeni wa watu. Wewe ni binamu aliyechelewa kutembelea jamaa.

Hesabu ya pesa

Haya, tuje kwenye pesa, maana maneno matupu hayapandi treni.

Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ni Sh1,500. Kwenda na kurudi ni Sh3,000. Tiketi unakata kwa simu ukipiga *639# na kulipa kwa M-Pesa. Usingoje wiki ya Krismasi, utakuta zimeisha. Beba kitambulisho. Na kwa sababu kituo kiko Syokimau, huna haja ya teksi: treni ya abiria ya mjini inayokwenda Syokimau hupita Makadara na Imara Daima, mlangoni kwetu kabisa.

Panda ile ya asubuhi inayosimama njiani, si ya usiku. Inapita Tsavo mchana, na ukikaa macho unaweza kuona ndovu bila kulipa hata ndururu ya mbuga.

Sasa weka hesabu hii mezani. Ukiweka Sh50 kila siku, bei ya bando dogo la intaneti, kwa miezi 6 utakuwa na kama Sh9,000. Treni inakula Sh3,000. Chumba cha kawaida kisiwani, mkilala wawili na kugawana, tenga Sh700 kwa usiku kwa kila mmoja. Usiku 3 ni Sh2,100. Chakula tenga Sh500 kwa siku, na kwa siku tatu na nusu ni Sh1,750. Mat za kuzunguka tenga Sh500. Jumla ni Sh7,350. Unabaki na Sh1,650 ya viingilio, madafu na dharura.

Sijasema ni rahisi. Najua Sh50 kwa siku kwa mtu wa mjengo au wa kuosha magari Kayole ni pesa. Ndiyo maana nasema miezi 6, na ndiyo maana nasema chama. Tafuta watu wanne mnaoaminiana, mchange kila jioni, mweka hazina awe yule asiyependa kukopesha. Haba na haba hujaza kibaba. Faida ya chama ni kwamba mkifika huko hakuna mtu wa kushangaa bili, kila mmoja anajua kilichomo mfukoni.

Na chagua msimu. Desemba, Pasaka na Agosti kila kitu hupanda. Mwishoni mwa Januari hadi Februari bado kuna jua, bahari ni tulivu kwa sababu ya upepo wa kaskazi, na wenye vyumba wako tayari kuelewana. Aprili na Mei vyumba ni rahisi zaidi lakini mvua itakunyeshea.

Ya kufanya kwa pesa kidogo au bure

Kwanza elewa kwamba Mombasa mjini ni kisiwa. Ukivuka Makupa umeingia kisiwani. Watu wengi wa Nairobi hukipita mbio wakikimbilia Diani au Nyali, kumbe wameacha nyuma sehemu tamu na ya bei nafuu.

Tembea Mji wa Kale. Ni bure. Vichochoro vyembamba, milango ya kuchongwa, baraza ambapo wazee wanaketi wakinywa kahawa chungu na kashata. Kikombe cha kahawa hiyo ni pesa ya chenji, na mazungumzo hayauzwi. Ukipita, toa salamu. Mzee yeyote mpe shikamoo. Vaa nguo ya heshima, hapo ni mtaa wa watu wenye misikiti na watoto, si ufuo. Na usimpige mtu picha kabla hujaomba.

Ingia Fort Jesus. Wananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje, ndiyo maana nakuambia kitambulisho kisitoke mfukoni. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Waomani waliizingira kuanzia 1696 na kuiteka 1698. Baadaye Waingereza wakaifanya jela hadi 1958. Unesco iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011. Simama juu ya ukuta ule utazame mlango wa bahari, utaelewa kwa nini mataifa matatu yalipigania kijisiwa hiki. Shuleni tulikariri haya ili tupite mtihani. Pale unayashika kwa mkono.

Jioni nenda Mama Ngina, karibu na Lighthouse. Eneo hilo lilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2019, na kukaa pale hulipi. Kuna mibuyu mikubwa ya zamani, kuna upepo, na kuna meli zinazopita karibu kiasi kwamba unasoma majina yake. Hapo ndipo familia za Mombasa zinapobarizi. Nunua muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, nunua dafu, keti ukutani. Hakuna chakula cha hoteli kitakachokupa starehe hiyo.

Vuka feri ya Likoni. Anayetembea kwa miguu halipi. Yaani unapata safari ya maji ya bure, nenda rudi, ukiona bandari upande mmoja na bahari kuu upande mwingine. Chunga simu tu, kama unavyoichunga Muthurwa saa kumi na mbili jioni.

Kuogelea, chukua mat uende ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ule tunaouita Pirates. Uko bara, nje ya kisiwa, lakini ni safari fupi. Kuingia ufuoni hulipi. Wapo wa kukodisha matairi ya kuelea na wapo wa ngamia. Elewana bei kabla hujapanda ngamia, si baada ya kushuka.

Chakula, kula wanapokula wenyeji. Asubuhi mahamri na mbaazi. Mchana pilau au wali wa nazi na samaki kwenye mkahawa wa mtaani. Jioni viazi karai, mishikaki na juisi ya ukwaju. Ukiona menyu ina picha ya mzungu anacheka, geuka.

Na ukiwa na siku zaidi na pesa kidogo zaidi, kuna Lamu. Mji wa kale wa Lamu ulitambuliwa na Unesco 2001, na mle ndani usafiri ni punda na miguu. Basi linakufikisha Mokowe, unamalizia kwa boti. Kutoka mjini hadi Shela unatembea pembeni mwa maji chini ya saa moja, bure, na mbele yako unakuta ufuo wenye urefu wa kama kilomita 12. Ila ni safari ndefu, na barabara ya Garsen hadi Lamu imewahi kuwa na mashambulizi. Uliza hali ya usalama kabla ya kukata tiketi na usafiri mchana.

Bahari haina huruma ya mtaa

Hapa nakuomba usikilize kama ndugu. Wengi wetu hatujui kuogelea. Tulikulia mahali ambapo mto uliokuwa karibu ni ule wa Nairobi, na huo hata mbwa huukwepa. Kila sikukuu kuna kijana kutoka bara anayeingia baharini akicheka na kutolewa amefunikwa shuka. Usiwe wewe.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa 6 kutoka kujaa hadi kupwa, na nyakati husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Kwa hivyo saa uliyocheza salama jana si lazima iwe salama kesho kutwa. Mwezi ukiwa mpevu au mpya kuna bamvua, maji hujaa zaidi na kurudi mbali zaidi. Yakipwa unaweza kutembea mbali hadi kwenye miamba, lakini yakianza kurudi yanakuja kwa nyuma yako kabla hujajua. Uliza mvuvi yeyote, "maji yanajaa saa ngapi leo?" Swali hilo ni bure na limeokoa watu wengi.

Kama hujui kuogelea, simama maji yakikufika kiunoni, basi. Usiingie ukiwa umelewa. Usikodishe boti isiyo na jaketi za kuokolea, hata kama nahodha ana maneno matamu.

Wewe usiende

Kuna msomaji atasema: jamaa, kodi ya nyumba haijalipwa, karo ya mdogo wangu haijalipwa, unaniambia habari za madafu? Una haki. Kama kodi haijalipwa, usiende. Kama pesa pekee unayoweza kupata ni ya mkopo, usiende. Bahari imekuwepo kabla ya babu zetu na itakungoja hadi Februari ya mwaka ujao.

Lakini sikubali kwamba mapumziko ni ya watu wa upande ule mwingine wa mji peke yao. Kijana anayeamka saa kumi usiku kuwahi kazi Industrial Area, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, anastahili siku tatu za kuketi mahali penye upepo. Tukikubali kuwa starehe ni ya wenye nacho, tutaendelea kuitafuta kwa njia mbili tulizozoea: chupa wikendi, na mkopo Desemba. Zote mbili zinatutoza baadaye, na anayelipa mara nyingi ni mama.

Mara ya pili nilipoenda Mombasa nilikwenda kwa pesa za chama. Tulikuwa wanne, tulilala chumba chenye feni inayopiga kelele kama posho mill, na sikupiga picha nyingi. Siku ya mwisho tulitembea ufuoni maji yakiwa yamekupwa, na askari mmoja akatuuliza tunakwenda wapi. Beshte yangu akamjibu kwa upole, "Tunapita chini, afande, kwa mchanga wa maji." Akatutazama, akatikisa kichwa, akarudi kivulini.

Tulirudi Nairobi na Sh400 zimebaki kwenye kibubu cha chama. Nilimnunulia mama kashata na nazi mbili. Aliuliza swali moja tu: "Hii pesa ni ya nani?"

Nikamwambia ni yangu.

Basi leo jioni weka Sh50 ya kwanza. Tuonane Makadara stesheni.